Hisa ya dhahabu: kura moja ya serikali ndani ya kampuni iliyokwisha kuuzwa

Tarehe 30 Juni 2010 wanahisa wa Portugal Telecom walikutana Lisbon kuamua jambo moja: wauze au wasiuze sehemu yao ya Vivo, kampuni ya simu za mkononi ya Brazili, kwa Telefónica ya Hispania. Bei mezani ilikuwa yuro bilioni 7.15. Takriban asilimia 74 ya kura zilizopigwa zilitaka kuuza. Serikali ya Ureno ikasema hapana, na hapana yake ikashinda. Ilikuwa na hisa 500 za daraja A katika kampuni yenye hisa zaidi ya milioni 896. Hiyo haifiki hata hisa moja katika kila milioni.

Hisa za namna hii ndizo zinazoitwa hisa za dhahabu, na jina hilo huwapoteza wengi. Haziuzwi sokoni, aghalabu hazilipi gawio, na nyingi zimeandikiwa thamani ya pauni moja au ringgit moja. Kinachozifanya ziogopwe ni maneno machache ndani ya katiba ya kampuni. Maneno hayo yakiandikwa vizuri, kura moja hulinda bomba la gesi la nchi nzima. Yakiandikwa vibaya hufunga mlango wa mbele na kuacha dirisha wazi, na hilo limetokea mara nyingi kuliko wanasiasa wanavyopenda kukiri.

Ilikotoka

Chimbuko lake ni Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa ikiuza mashirika ya umma moja baada ya jingine: Britoil ya mafuta mwaka 1982, British Telecom mwaka 1984, British Gas mwaka 1986, viwanja vya ndege vya BAA mwaka 1987, kisha maji mwaka 1989 na umeme baada yake. Ilitaka fedha na ilitaka wananchi wengi wawe wanahisa, lakini ilibaki na hofu: hisa zikishaingia sokoni, nani atamzuia tajiri mmoja, au kampuni ya serikali nyingine, asizikusanye zote? Kubaki na asilimia 51 kungeondoa maana ya kuuza. Wanasheria wakatafuta njia ya kuutenga umiliki na uwezo wa kuzuia.

Inavyotengenezwa

Ili kuelewa ufundi wake, anza na kanuni ya kawaida ya makampuni, ambayo Tanzania na Kenya wameirithi kutoka Uingereza. Maamuzi mazito, kama kubadilisha katiba ya kampuni, hupitishwa kwa azimio maalumu, yaani angalau robo tatu ya kura. Kwa hiyo yeyote mwenye zaidi ya robo ya kura anaweza kulizuia. Serikali inayotaka uwezo huo kwa njia ya kawaida ni lazima ifungie zaidi ya robo ya mtaji wa kampuni milele. Hisa ya dhahabu inautoa uwezo huo kwa pauni moja.

Katiba huunda daraja jipya lenye hisa moja tu. Anayeruhusiwa kuishika ni waziri au mwakilishi wake rasmi, na haiwezi kuhamishiwa mtu binafsi. Mwenye nayo hupokea taarifa zote za mikutano, huhudhuria na huruhusiwa kuzungumza, ila katika muundo wa Kiingereza kwa kawaida hapigi kura. Kampuni ikifilisika, anarudishiwa pauni yake kabla ya wanahisa wengine, basi. Serikali ikichoka nayo, huirudisha kwa kampuni na kulipwa pauni hiyo hiyo.

Hadi hapo hisa haina meno. Meno yanatoka kwenye kanuni nyingine ya sheria ya makampuni: haki za daraja fulani la hisa hazibadilishwi bila ridhaa ya wenye robo tatu ya hisa za daraja hilo. Daraja likiwa na hisa moja, mwenye hisa hiyo ndiye robo tatu na ndiye wote. Waandishi wa katiba wakaongeza sentensi moja ya kijanja: kila jambo katika orodha ifuatayo litahesabiwa kuwa ni kubadilisha haki za hisa maalumu, hivyo halitakuwa na nguvu bila idhini ya maandishi ya mwenye hisa hiyo. Ndiyo sababu serikali haihitaji kupiga kura. Inatosha isitie saini.

Ni orodha hiyo ndiyo ya kusoma kwa makini. Kwa BAA, iliyokuwa na Heathrow, Gatwick na Stansted, waziri alipaswa kuridhia kampuni ikitaka kuuza kiwanja chochote kilichotajwa, ikitaka kupoteza kura nyingi ndani ya kampuni tanzu inayomiliki kiwanja hicho, au ikitaka kujivunja. Kifungu kingine kilimzuia mtu yeyote kuwa na zaidi ya asilimia 15 ya hisa zenye kura. Kwa BAE Systems ya silaha, ambayo hisa yake maalumu ingali hai, mgeni mmoja hawezi kuvuka asilimia 15, na mtendaji mkuu sharti awe raia wa Uingereza.

Kikomo cha asilimia 15 kinaonekana chepesi mpaka uanze kukitekeleza. Mtu anaweza kununua asilimia 10 kwa jina lake, 8 kwa jina la kampuni ya mkewe, na 12 kupitia benki inayoshika hisa kwa niaba ya mteja asiyetajwa. Kwa hiyo kifungu makini huhesabu pamoja hisa za watu wote wanaoshirikiana, huipa bodi haki ya kudai jina la mwenye mali halisi, na kueleza hatua zinazofuata: notisi ya kupunguza hisa, kusimamishwa kwa kura za ziada mara moja, na mwisho bodi kuuza ziada hiyo na kumkabidhi mhusika fedha zake. Kikomo kisicho na hatua hizi ni ombi tu.

Kitu kingine kinachosahaulika ni ngazi. Miundombinu mikubwa leo humilikiwa kwa tabaka: kampuni yenye leseni na mabomba iko chini kabisa, juu yake kuna kampuni ya kukopa, juu tena kampuni mama, na kileleni mfuko wa uwekezaji uliosajiliwa kisiwani. Hisa ya dhahabu ikiwekwa kwenye kampuni mama pekee, mali inaweza kuteremshwa kwenye kampuni tanzu na kampuni tanzu hiyo ikauzwa. Ikiwekwa chini pekee, mabomba yatakuwa salama lakini umiliki wa juu utabadilika bila mtu kuomba ruhusa. Dawa ni kuiweka kwenye kampuni yenye leseni, kisha kuandika kwamba mabadiliko ya udhibiti yanahesabiwa yawe ya moja kwa moja au kupitia kampuni yoyote iliyo juu yake. Rehani nayo itajwe, maana mkopeshaji anayeshika mali kama dhamana ni mmiliki anayesubiri zamu yake. Wabelgiji waliliona hilo. Amri yao ya 1994 kuhusu mabomba ya SNTC, kampuni ya usafirishaji kwa mabomba, ilitaka waziri ajulishwe mabomba yakiuzwa, yakiwekwa rehani au yakibadilishiwa kazi.

Ilipolinda bei badala ya umiliki

Hisa nyingi za dhahabu huuliza nani anamiliki. New Zealand iliuliza jambo lililo karibu zaidi na mwananchi. Ilipoiuza Telecom mwaka 1990 kwa kampuni za Kimarekani Bell Atlantic na Ameritech, kwa dola za nchi hiyo bilioni 4.25, serikali ilibaki na hisa iliyoitwa Kiwi Share, na ndani yake ikaandikwa ahadi tatu kwa wateja wa nyumbani. Simu za eneo la karibu zibaki bure. Ada ya laini isipande kuliko mfumuko wa bei. Mteja wa kijijini asilipishwe ada ya laini kubwa kuliko ya kawaida.

Ahadi hizo ziliwasaidia watu hasa. Kisha ikaja intaneti ya kupiga simu. Mtu alipiga namba ya mtoa huduma wa karibu, simu ya bure kwa mujibu wa Kiwi Share, akaacha laini wazi kwa saa nzima au usiku kucha. Mitambo iliyojengwa kwa mazungumzo ya dakika chache ikazidiwa. Mwaka 1999 Telecom ilileta namba zinazoanza na 0867. Asiyezitumia kwa intaneti alipewa saa 10 kwa mwezi, kisha akatozwa senti 2 kwa dakika. Ugomvi juu ya hatua hiyo ulikaa mahakamani miaka mingi. Mwaka 2001 serikali ikaandika upya wajibu huo ndani ya mfumo mpya wa sheria ya mawasiliano, ambako ungeweza kurekebishwa teknolojia inapobadilika.

Katiba ya kampuni ni mahali pagumu pa kuandika kitu kinachobadilika. Bei, ubora wa huduma na viwango vya uwekezaji vinakaa vizuri zaidi kwenye leseni chini ya mdhibiti. Hisa ya dhahabu inafaa kwa mambo ambayo jibu lake litakuwa lile lile baada ya miaka ishirini: bomba lisihamishwe, mtambo usifungwe, makao makuu yasiondoke.

Tarehe ya mwisho

Kosa kubwa la Waingereza lilikuwa kalenda. Hisa za dhahabu za kampuni kumi za maji zilikuwa na uhai wa miaka mitano tu, na ziliisha tarehe 31 Desemba 1994. Zile za kampuni kumi na mbili za kusambaza umeme mikoani ziliisha tarehe 31 Machi 1995. Hoja ya kuweka mwisho ilieleweka: kampuni changa zipewe muda wa kusimama kabla ya kuachwa kwenye ushindani wa soko. Lakini tarehe iliyoandikwa hadharani ni mwaliko. Wanunuzi walikuwa tayari na mahesabu yao. Southern Company ya Marekani iliinunua South Western Electricity mwaka huo huo wa 1995, na Lyonnaise des Eaux ya Ufaransa ikaichukua Northumbrian Water. Miaka michache baadaye karibu kampuni zote za umeme mikoani zilikuwa mikononi mwa wengine.

Southern haikuridhika. Mwaka uliofuata ikaelekea kwa National Power, mzalishaji mkubwa wa umeme ambaye hisa yake ya dhahabu haikuwa imewekewa mwisho wa karibu. Mei 1996 serikali ikatangaza kwamba itaitumia kuzuia. Kampuni ile ile, sekta ile ile, na matokeo mawili tofauti, kwa sababu kifungu kimoja kilikuwa na tarehe ya mwisho na kingine hakikuwa nayo.

Kwa upande wa maji, Thames Water ndiyo inayouma zaidi. RWE ya Ujerumani iliinunua mwaka 2001, ikaiuza mwaka 2006 kwa kundi lililoongozwa na Macquarie ya Australia kwa pauni bilioni 8. Macquarie ilipotoka kabisa mwaka 2017, madeni ya kampuni yalikuwa yamepanda kutoka takriban pauni bilioni 3.4 hadi zaidi ya bilioni 10. Aprili 2024 kampuni mama yake, Kemble, ilitangaza kwamba imeshindwa kulipa riba ya hati fungani. Watu wapatao milioni 16 wanategemea kampuni hiyo kwa maji au majitaka.

Ni rahisi kusema hisa ya dhahabu ingebaki yasingetokea. Tunasita kukubali. Hisa ya 1989 ililinda umiliki tu. Haikusema neno juu ya kiasi cha deni, gawio linalolipwa wakati mabomba yanavuja, wala mkopo unaochukuliwa na kampuni ya juu na kulipwa kwa mapato ya kampuni ya chini. Mmiliki mzalendo angeweza kufanya yale yale. Kilichokosekana ni kikomo cha deni kulinganisha na thamani ya mali, na sharti kwamba gawio lisitoke kampuni ikishindwa viwango vya huduma. Hayo ni mambo ya leseni, na mdhibiti aliyakazia baadaye sana, mzigo ukiwa umekwisha kubebeshwa.

Waziri asiyetaka kuitumia

Kuna udhaifu ambao hakuna mwanasheria anayeweza kuuandikia kifungu. Hisa ya dhahabu inamhitaji waziri aliye tayari kuwakatalia wanahisa faida yao, wakati mwingine kinyume cha itikadi yake mwenyewe. Britoil ilikuwa na hisa kali kuliko nyingi: mtu akipata zaidi ya nusu ya hisa, hazina ya serikali ilipata kura za kuwashinda wengine wote kwa pamoja. Desemba 1987 BP ikaanza kununua. Serikali ikatishia, mazungumzo yakaendelea, na Februari 1988 ikakubali BP ichukue kampuni kwa takriban pauni bilioni 2.5, baada ya kupata ahadi kuhusu shughuli za Britoil pale Glasgow. Mwaka uliofuata Ford ilipoitaka Jaguar, waziri aliitoa hisa ya dhahabu kabla ya muda wake kwisha.

Kwa hiyo katika hali nyingi kazi halisi ya hisa hii imekuwa kumlazimisha mnunuzi aje kuzungumza kwanza. Si kazi ndogo. Mnunuzi anayejua kuna saini inahitajika huja na ahadi za ajira, za makao makuu, za mtaji. Ila ahadi zisizoandikwa kwenye mkataba wenye adhabu huyeyuka. Anayebadilishana kura yake ya turufu na ahadi anapaswa kupata kitu kinachoweza kupelekwa mahakamani baada yake.

Portugal Telecom inaonyesha hatari ya upande wa pili. Vivo ilikuwa Brazili. Hakuna nyaya za Ureno zilizokuwa hatarini siku ile ya Juni. Serikali ilitumia silaha iliyotengenezwa kulinda mawasiliano ya nchi ili kuongoza biashara ya kampuni ng'ambo. Tarehe 8 Julai, siku nane tu baadaye, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa hukumu kwamba hisa zile 500 zinavunja sheria ya umoja huo. Tarehe 28 Julai Vivo ikauzwa, kwa yuro bilioni 7.5. Wanahisa walipata milioni 350 zaidi. Mwaka 2011, Ureno ikiwa chini ya mkopo wa dharura wa kimataifa, hisa zake za dhahabu katika simu, umeme na mafuta zikafutwa. Kabla mwaka huo haujaisha, China Three Gorges ikashinda zabuni ya asilimia 21.35 ya EDP, kampuni kuu ya umeme, kwa yuro bilioni 2.69. Hapo palikuwa na miundombinu hasa, na kura ya kuzuia haikuwepo tena.

Mahakama ilivyochora mstari

Mkataba wa Umoja wa Ulaya unataka mtaji uende huru kati ya nchi wanachama, na hisa inayomtisha mwekezaji asinunue ni kizuizi. Lakini mahakama haikusema hisa zote za dhahabu ni haramu, na tofauti kati ya walioshindwa na aliyeshinda ndiyo somo bora lililopo la namna ya kuandika kifungu hiki.

Tarehe 4 Juni 2002 zilitoka hukumu tatu. Ureno ilishindwa. Ufaransa ilishindwa juu ya kampuni ya mafuta ya Elf Aquitaine: amri yake ya 1993 ilimtaka anayevuka sehemu ya kumi, ya tano au theluthi ya hisa au kura aombe ruhusa kwanza, na iliipa serikali uwezo wa kuzuia kuuzwa kwa kampuni tanzu, zikiwemo Elf Gabon na Elf Congo. Lengo la kulinda akiba ya mafuta lilikubalika kabisa. Tatizo ni kwamba amri haikutaja vigezo: mwekezaji hakuweza kujua atakubaliwa au atakataliwa kwa sababu gani, na jaji hangekuwa na kipimo cha kuangalia kama waziri ametenda haki.

Ubelgiji ilishinda. Hisa zake katika SNTC na katika kampuni ya gesi ya Distrigaz hazikumzuia mtu kununua hisa. Zilihusu mali zenyewe, yaani mabomba na maamuzi ya kimkakati juu yake. Kwa maamuzi ya bodi hapakuwa na ruhusa ya kuomba mapema: kampuni iliamua, wawakilishi wa serikali waliokaa kwenye bodi wakapeleka pingamizi kwa waziri ndani ya siku chache zilizohesabiwa, na waziri akatakiwa aamue ndani ya siku chache nyingine. Kukataa kulihitaji sababu za maandishi zinazogusa sera ya nishati ya nchi, na kuliweza kupelekwa mahakamani. Ufaransa ilijifunza: amri yake ya Desemba 2007 kuhusu gesi, inayoihusu kampuni ambayo leo ni Engie, imejikita kwenye mabomba, maghala na vituo vya kupokelea gesi.

Mwaka 2003 ikawa zamu ya BAA. Uingereza ilijitetea kwamba hicho ni kifungu cha katiba ya kampuni binafsi, kama mwanahisa yeyote anavyoweza kukubaliana na wenzake. Mahakama ikakataa, kwa kuwa kifungu kiliidhinishwa na waziri kwa mamlaka ya sheria ya viwanja vya ndege ya 1986. Mwanahisa wa kawaida hana bunge nyuma yake. Hisa ikafutwa, na mwaka 2006 kundi la Ferrovial ya Hispania likaichukua BAA kwa zaidi ya pauni bilioni 10.

Kutoka hisa hadi sheria, na kurudi

Baada ya kupigwa hivyo, nchi kadhaa zilihamisha kura ya turufu kutoka katiba ya kampuni hadi kwenye sheria ya nchi. Italia ilifanya hivyo mwaka 2012. Mfumo wake, unaoitwa nguvu ya dhahabu, hauhitaji serikali kuwa na hisa hata moja: kampuni yoyote ya ulinzi, nishati, uchukuzi au mawasiliano inayoguswa na sheria hutoa taarifa ya mauzo, na serikali huweka masharti au huzuia. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2021, ikaanza kazi tarehe 4 Januari 2022. Ina sekta 17 ambazo anayevuka asilimia 25 lazima ajulishe serikali, na ununuzi uliofichwa huhesabiwa batili. Uchunguzi wa kwanza ni siku 30 za kazi, unaweza kuongezwa 30, kisha 45.

Sheria ina faida mbili. Inazigusa kampuni ambazo serikali haikuwahi kuzimiliki, na haifutiki kampuni ikivunjwa au ikiunganishwa. Lakini inaangalia mauzo tu. Mauzo yakipita, serikali inatoka chumbani na kubaki na masharti iliyoyaandika siku ile, ilhali mwenye hisa ya dhahabu anaendelea kupokea taarifa za mikutano mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana chombo cha zamani kimerudi. Desemba 2024, bilionea wa Kicheki Daniel Křetínský alipokubaliwa kununua kampuni mama ya Royal Mail kwa pauni bilioni 3.6, serikali ya Uingereza ilijipatia hisa ya dhahabu inayodai idhini yake kabla ya kubadilisha umiliki wa shirika hilo la posta, makao makuu yake, au nchi linakolipia kodi. Uingereza ilikuwa imeshatoka Umoja wa Ulaya, na hukumu ya BAA haikuifunga tena. Juni 2025 Marekani nayo ikachukua hisa moja ya namna hiyo katika U.S. Steel ilipouzwa kwa Nippon Steel ya Japani.

Asilimia tulizozizoea

Afrika Mashariki tumezoea kusikia asilimia. Asilimia 49 ya kampuni hii, asilimia 16 ya mgodi ule. Ni vizuri kuzipima kwa kanuni ya robo tatu. Mwaka 2007 reli ya kati ya Tanzania iliingia mikononi mwa kampuni ambayo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 na serikali 49. Asilimia 49 inatosha kabisa kuzuia azimio maalumu. Haitoshi kuamua injini ngapi zitengenezwe mwezi huu au wafanyakazi walipwe lini, maana hayo huamuliwa na bodi kwa wingi wa kawaida. Mkataba ulikuwa wa miaka 25 na haukufika hata mitano.

Asilimia 16 ni jambo jingine. Tangu marekebisho ya 2017, serikali ya Tanzania hupata angalau sehemu hiyo katika kampuni za uchimbaji, bila kuilipia na bila kupunguzwa mtaji mpya ukiingia. Ni haki nzuri ya mapato. Kama kura, iko chini ya robo, kwa hiyo peke yake haizuii azimio lolote isipokuwa pale ambapo mkataba wa wanahisa au katiba imetaja maamuzi yanayohitaji idhini ya serikali. Mtu akikwambia nchi imejilinda kwa sababu ina asilimia kadhaa, muulize kifungu.

Kukipata si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Kwa Tanzania, katiba ya kampuni iko kwenye jalada lake BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, na upekuzi hufanyika kwa ada. Kwa Kenya, hati ya CR12 kupitia eCitizen huonyesha wanahisa na wakurugenzi, na katiba yenyewe huombwa kwa msajili. Tafuta kwanza sehemu inayogawa mtaji katika madaraja: daraja lenye hisa moja, au hisa chache mno zenye jina la waziri au Msajili wa Hazina, ndilo unalolitaka. Kisha nenda kwenye kifungu cha kubadilisha haki za madaraja uone orodha ya mambo yanayohitaji idhini. Angalia kama mali zimetajwa kwa majina, kama rehani imo, kama kampuni za juu na za chini zimehesabiwa. Mwisho tazama kimya kinahesabiwaje: siku za waziri zikiisha bila jibu, ameridhia au amekataa? Katiba isiyolijibu swali hilo huliachia siku ya ugomvi, na siku hiyo mnunuzi huwa na mawakili wengi kuliko wizara.